Mama Besi wa Makambako

Siku Nikodemo alipotoka Mdandu kwenda Kichiwa kumchumbia Esnath, alibisha hodi, na sauti nzito ikamjibu kutoka ndani, "Karibu!" Akavua kofia. Akainama, akaanza hotuba aliyoikariri njia nzima, "Shikamoo baba mkwe, mimi kijana wako nimekuja kwa heshima zote..."

Mlango ukafunguka. Aliyesimama pale ni Esnath mwenyewe, mwiko mkononi.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Baba yuko shambani. Umekuja na mahari au umekuja na kofia tu?"

Mwanaume mwingine angegeuza. Nikodemo alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, na mtu aliyecheka kiasi hicho hawezi tena kudai hajapenda. Wakaoana, wakahamia Makambako, na majirani wakakaa wiki nzima wakiuliza nyumba ile imepangishwa wanaume wangapi.

Sauti ile Esnath alizaliwa nayo. Inasemekana alipolia mara ya kwanza mkunga aligeuka kutazama mlangoni, aone ni mzee gani kaingia bila hodi. Shuleni mwalimu akiita majina, yeye akiitika "Nipo!", anayechapwa ni mvulana aliyekaa nyuma yake, kwa kosa la kuitikia jina la msichana. Na alipoanza kuuza viazi kandokando ya barabara kuu, pale malori ya Zambia yanapopumzika, sauti ikawa mtaji. Wenzake walipunga mikono na kukimbilia madirisha ya mabasi mpaka jasho likawatoka kwenye baridi. Esnath alikaa kwenye kigoda chake, akavuta pumzi, akasema mara moja, "Viazi!" Dereva akafunga breki akidhani ni trafiki.

Kwa hiyo sokoni Esnath alisikika. Mahali ambapo hakusikika ni kanisani, na hapo ndipo alipopataka kuliko pote.

Alikuwa mwanakwaya. Alikuwa na joho la bluu kama wanawake wenzake, alihudhuria mazoezi, alisafiri na kwaya, na viazi vya safari vilitoka kwake. Lakini tangu mazoezi ya mwanzo Mwalimu Nathanieli, mwalimu wa kwaya, alimpanga sauti ya pili kwa sababu ni mwanamke, na sauti ya pili ikazama kama mtumbwi uliopandwa na ng'ombe. Mwalimu akajaribu kumpandisha sauti ya kwanza. Hilo tuliache. Mwisho akamwita pembeni, akamwambia kwa upole ule wa watu waliokwisha kukata shauri, "Dada Esnath, wewe uwe unafungua mdomo tu. Mungu anasoma moyo."

"Si unipange besi, mwalimu? Besi mume wangu anaimba, na mimi nampita."

"Besi ni ya akina baba. Joho la bluu lisimame nyuma katikati ya suruali nyeusi? Majaji wa mashindano watasema kwaya haina mpango."

Basi Esnath akafungua mdomo. Miaka minane alifungua mdomo, Krismasi na Pasaka, harusi na misiba, bila kutoa hata mvuke. Wengine wangehama kwaya. Yeye aliipenda mno kuhama, na mwalimu naye hakuwa mjinga wa kufukuza viazi.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Vitu vilivyokuwa vikitafutwa kwa vibali na ujomba sasa vilimwagwa chini kwenye maturubai: mitumba, sabuni za kunukia, redio za kaseti zenye taa zinazochezacheza. Jirani wa Esnath sokoni alikuwa Kheri, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu wa swala tano, aliyekuwa na banda la kurekodi kanda. Rafu zake zilikuwa tatu: Taarabu, Zaire na Kwaya. Alikuwa akisema hana ubaguzi, pesa ya Mlutheri na pesa ya Mwislamu zinachakaa sawasawa.

Asubuhi moja kutoka bandani kwa Kheri ulitoka mngurumo ambao Makambako haijawahi kuusikia, na Makambako ina reli. Esnath akaruka na kisu chake cha kumenyea.

"Kheri! Nani anachinjwa?"

"Hakuna anayechinjwa, dada. Ni kwaya."

"Kwaya ya wapi hiyo?"

"Ya kwenu nyinyi. Mimi usinitazame." Akamwonyesha kasha la kanda. Palikuwa na msalaba mkubwa unaowaka, na chini yake wanaume wanne wenye nywele ndefu kuliko za bibi harusi. "Ni za huyu bwana hapa. Redio ya lori lake imeanza kula kanda, anataka nimrekodie nakala kabla haijazimaliza."

Huyo bwana alikuwa Sila, dereva wa Zambia, mlokole mnene mwenye tabasamu, aliyekuwa akipeleka shaba bandarini. Alikuwa ameketi juu ya debe akitikisa kichwa kama mtu anayekubali kila anachoambiwa.

"Kamwene mama," akasema Sila, aliyejifunza salamu ya Kibena kwa ajili ya kupunguziwa bei. "Huu unaitwa hevi meto. Muziki wa chuma, lakini wa waliookoka."

"Anasema nini huyu anayefoka?"

"Anamshukuru Mungu. Anasema Mungu ndiye mwamba wake na ngome yake."

"Kwa hasira hivyo?"

"Si hasira, mama. Ni msisitizo."

Siku hiyo lori la Sila lilikuwa bovu, na viazi vya Esnath havikuuzwa, kwa sababu muuzaji alikaa bandani akisikiliza. Kumbe muziki wenyewe si mmoja, ni ukoo mzima, na kama koo zote una wapole na wakorofi. Sila alikuwa na jina la Kizungu kwa kila tawi. Kheri, ambaye kuandika majina marefu ya Kizungu kwenye rafu kungemgharimu rangi nyingi, aliwabatiza wote upya. Wale wa ngoma za mbiombio, gitaa likikata kama cherehani, akawaita Wanaokimbia. Wale wa taratibu, wazitowazito, wanaoburuta kila neno kama jeneza, akawaita Waliofiwa. Wapo wenye sauti nyembamba na suruali za kubana, wanaompenda Yesu kama wanamwandikia barua ya uchumba. Hao aliwaita Wenye Nywele.

"Wote wana nywele, Kheri," Esnath akasema.

"Hawa wamezichana."

Halafu Sila akaweka kanda ya mwisho. Ilikuwa sauti ya mtu mmoja, chini kabisa, chini ya besi, chini ya sakafu ya besi, ikikoroma na kusaga kama mashine ya unga inayoanza kazi. Kheri akasema hao ni Wanaosaga, na kwamba hatawarekodi saa za chakula. Esnath hakucheka. Alikuwa ameweka kisu chini.

"Huyu ni mtu wa kanisani?"

"Kanisani kabisa."

"Na wanamruhusu kuimba na sauti hiyo?"

"Mama," Sila akasema, "wamempa na maiki."

Esnath akasimama wima. Kisha akafungua mdomo, na safari hii kikatoka kitu. Sila akaacha kutikisa kichwa. Mteja wa taarabu aliyekuwa anaingia akageuza bila kuaga.

"Yesu wangu!" Sila akasema. "Lakini usikwaruze koo, mama, utapoteza sauti kabla ya Pasaka. Sukuma kutoka hapa." Akalipiga tumbo lake, ambalo lilikuwa kielelezo cha kutosha.

Tangu hapo Esnath akawa na mazoezi yake. Alifanyia kwenye jiko la nje, akioga, akipalilia. Kila Sila alipopita alimsikiliza na kumsahihisha. Kheri akalalamika kwamba wateja wa taarabu wanahamia kwa mshindani, ila alikuwa wa kwanza kumwambia akikosea. Nikodemo alitoka ndani asubuhi moja, mswaki mdomoni.

"Mke wangu, umemeza pikipiki?"

"Ninamsifu Bwana."

"Basi msifu kwa gia ya pili, mtoto wa jirani analia."

Mwaka huo kwaya ilikuwa inakwenda Njombe kwenye mashindano ya uimbaji, na Mwalimu Nathanieli alikuwa ametunga wimbo mpya, wa dhoruba ziwani. Besi zinavuma kama upepo, vuu, vuu, sauti nyingine zinalia tunaangamia, kisha yeye mwenyewe anajitokeza, anaimba sehemu ya Bwana na kuukemea upepo. Esnath aliposikia ile vuu, damu ikamchemka. Akaja mazoezini na redio ya Kheri na kanda ya Wanaosaga.

"Mwalimu, sikiliza hii. Ni watumishi hawa. Upepo ungevuma hivi..."

Mwalimu alisikiliza kwa muda wa kupiga chafya moja, akabonyeza kuzima.

"Huyu anakemea pepo au ndiye pepo mwenyewe?"

"Anamwita Mungu mwamba wake."

"Basi amwite taratibu. Mungu si kiziwi."

Kwaya ikaangua kicheko, sauti ya kwanza wakiongoza kama kawaida yao. Mwalimu akasubiri kitulie. "Njombe tunakwenda na mpango uleule, dada Esnath. Wewe unafungua mdomo. Ukitoa sauti kule, ujue joho unalirudisha." Hakuwa anatania. Na Esnath alijua kwamba mwenye kurudisha joho anarudisha na kiti, na safari, na jina la mwanakwaya.

Walikwenda Njombe nyuma ya lori la mbao, wamejifunika mablanketi, wamekalia viazi. Njombe ikawapokea na ukungu wake. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani, na mbele meza ya majaji watatu, wa katikati mchungaji mzee aliyezisikiliza kwaya tangu asubuhi na sasa alikuwa akipigana na kope zake. Wimbo wa lazima ukapita salama. Ukaja wa dhoruba.

Besi zikaanza. Vuu, vuu. Baridi ilikuwa imewakaba koo, na upepo wenyewe ukawa kama wanaume wanne wanaopuliza uji wa moto. Sauti za juu zikalia tunaangamia, na hakuna aliyewaamini. Mchungaji mzee akafumba macho.

Esnath alikuwa amefungua mdomo, kama alivyoagizwa. Aliiona dhoruba ile inavyokufa. Aliliona joho lake, bluu mpaka miguuni, alilopiga pasi usiku uliopita. Akajiuliza, hivi nikilirudisha, nitakuwa nimepoteza nini ambacho nimewahi kuwa nacho? Akavuta pumzi mpaka kwenye mshipi wa sketi. Akasukuma.

Kilichotoka hakikuwa vuu. Kilianzia chini ya benchi, kikapanda na nguzo, vioo vya madirisha vikaanza kuzungumza. Watoto wa benchi la mbele wakawafuata mama zao. Mchungaji mzee alifumbua macho na kushika meza kwa mikono miwili, kalamu ikaenda zake. Nikodemo, safu ya nyuma, aliposikia mkewe kaingia ziwani peke yake, alimfuata kwa sauti yake yote, na besi wenzake kwa kuogopa kuachwa wakamfuata yeye. Sauti za juu zikalia tunaangamia, na safari hii walimaanisha.

Mwalimu Nathanieli akageuka. Sehemu yake aliitunga iwe tamu, yenye madaha na kupanda taratibu. Aliisahau yote. Alimwona Esnath, akaona mpango wake wa mwaka mzima unakwenda na maji, akanyoosha mkono, akamfokea kutoka kwenye vidole vya miguu:

"NYAMAZA!"

Na Esnath, kwa mazoea, akanyamaza. Papo hapo, katikati ya pumzi. Wote wakanyamaza.

Kanisa zima likasikia mbwa akibweka kule stendi. Halafu mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, na baada yake hakuna aliyesikia mbwa tena.

Mchungaji mzee alisimama kabla ya majaji wenzake. "Mwalimu," akasema, "Ziwa Nyasa nimelivuka mara mbili, lakini leo ndiyo nimeyaogopa maji. Na pale ulipolikemea! Nimesikia watu wengi wakiimba sehemu ya Bwana, wote wanaimba kama wanaomba chumvi. Hasira ile ya kweli umeitoa wapi?"

Mwalimu akasema, "Ni mazoezi, mzee. Miaka minane ya mazoezi."

"Na yule bwana wa dhoruba ni nani?"

Besi wakatazamana. Nikodemo akajikohoza. "Yule bwana ni mke wangu."

Walipata nafasi ya pili, kwa sababu kwaya iliyoshinda ilikuwa na kinanda, na kinanda kina heshima yake. Lakini majaji waliomba wimbo wa dhoruba urudiwe wakati wa kufunga. Mwalimu akatoka nje mbio kutafuta watu wake, akamkuta Esnath karibu na lori, joho amelivua, analikunja.

"Dada Esnath, unafanya nini?"

"Ulisema nikitoa sauti nilirudishe. Hili hapa. Nimelikunja vizuri."

"Vaa bwana, tunaitwa tena!"

"Nivae nikafungue mdomo?"

Mwalimu akatazama kushoto na kulia, kama mtu anayenunua kitu asichotaka mkewe akijue. "Sasa nisipokuwa na upepo, nitakemea nini? Vuu ya kina Nikodemo?"

"Basi nisimame na wanaovuma wenzangu. Safu ya nyuma. Leo, na Jumapili, na Jumapili nyingine."

"Joho la bluu, dada, katikati ya suruali nyeusi..."

"Kwani maji ya ziwa ni rangi gani, mwalimu?"

Mwalimu Nathanieli alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Esnath akalikung'uta joho, akalivaa, akapanda ngazi za kanisa hadi safu ya nyuma. Wanaume wakasogeana kumpisha, na Nikodemo akajikuta anasukumwa mpaka pembeni kabisa, bega moja likiwa nje ya mstari.

"Baba, usijibanze," mkewe akamnong'oneza, mnong'ono uliosikika mpaka kwenye meza ya majaji. "Simama wima, vuta pumzi ya tumboni, na ukipotea unifuate mimi."

"Nimekufuata tangu Kichiwa," Nikodemo akasema, na mwalimu akainua mkono.