Salamu za Fundi Vigae

Fundi vigae alinunua gari la kwanza maishani mwake akiwa na miaka hamsini na ushee, magoti yakiwa yameshakwisha kwa kutambaa kwenye sakafu za watu. Lilikuwa mtumba, lakini mtumba wenye maringo: ukiwasha injini tu, vitaa viwili vyeupe vinawaka vyenyewe mbele, hata kama ni mchana kweupe. Watu njiani walimfumbia na kumfumbulia viganja, maana yake bwana we, umesahau taa, utamaliza betri. Yeye akadhani anasalimiwa.

Giza likianza kuingia ndiyo ikawa sherehe. Kila gari lililotokea mbele yake lilimpiga taa, mara mbili, mara tatu, na yeye akainua mkono kwa kila moja.

"Watu wananijua, mama," alimwambia mkewe. "Nusu ya nyumba za barabara hii vigae nimeweka mimi."

Mkewe aliguna tu. Mtu akishaamini kwamba anaheshimiwa, kumtoa hapo ni kazi kuliko kubandua kigae kilichokwisha kukauka.

Jioni moja, giza limeshaingia, alikuwa anatoka dukani, buti limejaa maboksi ya vigae na mifuko ya gundi, gari limekalia matairi ya nyuma na pua iko juu. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali akakutana na mtu wa baiskeli aliyeinua mkono usawa wa uso. Fundi vigae, mtu wa watu, akampungia, akampigia na honi kabisa, akaenda zake akipiga mluzi.

Kesho yake ikaja habari kwamba kaka wa mkewe, fundi cherehani, amepofushwa na taa za gari, ameingia mtaroni na baiskeli yake, na amevunjika mkono wa kulia. Mkono wa mkasi.

Huyu shemeji fundi vigae alimpenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Siku ya posa, ukoo mzima ulipouliza kama mtu anayetambaa sakafuni ataweza kulisha mke, ndiye peke yake aliyesema, "Mwacheni, ana mikono." Basi fundi vigae akafika mbio, na mbele ya mke na watoto wa mgonjwa akapandisha hasira.

"Mwendawazimu! Leseni aliipata wapi? Na hata kusimama hakusimama! Nikimpata huyo mtu, shemeji, nitamkunja."

Fundi cherehani alimtazama. "Ukimpata utaniambia," akasema, akageukia ukutani.

Fundi vigae alidhani ni maumivu. Lakini kila alipokwenda tena kumjulia hali aliambiwa mgonjwa amelala, na siku moja aliambiwa hivyo huku anamsikia mgonjwa akikohoa sebuleni. Akajiuliza amekosa nini, asipate jibu.

Jibu alilipata gereji, alikokwenda kubadilisha balbu iliyoungua. Fundi umeme wa magari, mwanamke asiye na maneno mengi, alilielekeza gari ukutani, akachora mstari wa chaki pale mwanga unapotakiwa kuishia, akawasha taa. Mwanga ulipiga juu kabisa ya mstari.

"Baba, kwenye buti kuna nini?"

"Vigae. Ndiyo kazi yangu."

Mwanamke akazungusha kigurudumu kidogo chenye namba kando ya usukani, ambacho mwenye gari hakuwahi kukigusa. Ukutani mwanga ukashuka taratibu mpaka chini ya chaki.

"Ukibeba mzigo nyuma, hizi unazishusha. Usiposhusha unawapiga wenzako machoni. Hawakupigi taa njiani?"

"Wananipiga sana. Wananisalimia."

"Hawakusalimii, baba. Wanakutukana."

Ndipo ile kona ya kiwanda cha matofali ilipomrudia, na ule mkono ulioinuliwa, na honi yake. Uso ulimwaka. Aliliacha gari pale pale kwa sababu hakuweza kulisimamisha kwenye mlango wa shemeji yake, akaenda kwa miguu.

Alimkuta fundi cherehani amekaa, mkono uko kwenye plasta, na mke wa mgonjwa amesimama kwenye meza ya kukatia nguo.

"Shemeji," alisema akiwa bado mlangoni, "ni mimi."

"Najua ni wewe. Honi yako naijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nikiwa mtaroni. Nikasema atakuja, ataomba radhi, yataisha. Ukaja, ukamtukana dereva mbele ya watoto wangu. Nikasema kumbe mtu niliyempa dada yangu ni mnafiki. Mkono utapona, shemeji. Hilo lilinikaa kooni."

Fundi vigae akaona hana pa kupita. Akinyamaza, atabaki mnafiki. Akisema kweli, ataonekana mjinga, mtu mzima na mvi zake. Aliinamisha kichwa.

"Sikujua. Ulipoinua mkono nilidhani unanisalimia."

"Nilikuwa najikinga macho!"

"Najua sasa."

"Na honi je?"

"Nilikuwa naitikia."

Kisha fundi cherehani akaangua kicheko, akaushika mkono wake mbovu kwa maumivu, akacheka tena. "Anaitikia! Mtu niko mtaroni, yeye anaitikia! Na wale wote unaotusimulia kila siku?"

"Wote walikuwa wananitukana."

Fundi vigae alijaribu kucheka naye, akashindwa. Afadhali angepigwa kofi.

Mke wa fundi cherehani hakucheka. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa mahali mkasi ulipomchubua.

"Cheka wewe," alimwambia mumewe. "Sare za watu nakata mimi." Akamgeukia fundi vigae. "Na wewe, shika hapa. Vuta, usilegeze."

Fundi vigae akashika ncha ya kitambaa kwa mikono miwili. Mwanamke alikata polepole, mkasi ukikwama na kuanza tena. Kitambaa kilipokwisha alitandaza kingine, akamsukumia ncha yake, na hakumwambia akae.