Ng'ombe Aliyelala Mtoni

Mchanga wa mto mkavu ukichimbwa unatoa harufu mbili. Juu unanuka vumbi na mavi ya mbuzi. Ukichimba mpaka mkono uingie wote, kabla hata maji hayajaonekana, inakuja harufu nyingine ya baridi, kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua. Hiyo ya pili ndiyo imenifanya niandike. Niko na vitabu viwili vidogo vya hadithi za watoto, na kila nikialikwa kusoma, kanisani ama shuleni, kuna mtu atauliza huo mto wa kwenye hadithi nimeutoa wapi. Wengine wanafikiri niliuota. Sikuuota. Mimi niliachia darasa la tano, na sijui kutengeneza mahali ambapo sijakanyaga. Huo mto uko upande wa Kajiado, kwa nyanya yangu, mahali nilipokuwa nikipelekwa shule zikifungwa. Hadithi zangu zote ziko hapo, na kuna sababu.

Sisi tulikaa Kitengela, wakati Kitengela ilikuwa maduka machache na barabara. Baba alikuwa mlinzi wa godauni, na chumba chetu kilitetemeka kila lori lilipopita kwenda Namanga, usiku na mchana, mpaka ukishika kikombe cha chai unaona chai inacheza. Kwa nyanya hakukuwa na lori. Kulikuwa na moshi, maziwa, na ngozi ya kulalia iliyonuka mafuta, na mimi nilipapenda kuliko kwetu. Tulimwita Koko. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nyonga mbovu aliyopigwa teke na ng'ombe, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Mara ya kwanza nilipofika nikiwa na akili kidogo nilimpa mkono kama watu wa barabarani, badala ya kuinamisha kichwa aniguse. Tangu siku hiyo akaniita Mtoto wa Lori. Alinifundisha kukama, kunyamaza, na kutomaliza maji. Jambo moja alilokataa kabisa ni hadithi za mchana. Kwake hadithi ilikuwa ya usiku, mifugo ikishalala, kwa sababu ukisimulia jua likiwaka mifugo inatawanyika na haionekani tena. Nikimsumbua alisema, "Unataka mbuzi wetu waende Tanzania?" Naye hakuwa anatania. Mbuzi ndio walikuwa karo yetu na chakula chetu, na mwaka ninaousimulia hapa ukame ulikuwa umeshakula nusu yao.

Ilikuwa Aprili, na mvua ilikuwa imekataa. Usiku uliopita tuliona umeme wa radi mbali sana, milimani, lakini kwetu hakuna tone lililoanguka, na asubuhi mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani. Tukashuka mtoni kuchota maji. Kisima chetu kilikuwa katikati kabisa ya mchanga, kando ya jiwe kubwa lililolala kama ng'ombe anayecheua, mgongo juu na kichwa kimegeukia upande. Koko aliingia ndani ya shimo. Mimi nilipokea maji na kujaza debe. Naserian, binti wa mjomba wangu, mdogo kwangu, meno ya mbele yameng'oka, alikuwa akichezea mchanga uliolowa. Mama yake alibaki ukingoni na mbuzi, akingoja tumalize ndipo awateremshe wanywe.

Nikasikia lori. Kwa mtoto wa Kitengela hiyo si habari, kwa hivyo nilisema tu, kama mtu anavyosema kuna upepo, "Koko, lori linakuja." Alisimama ndani ya shimo, akageuza kichwa, na uso wake ukabadilika. Huko hakukuwa na barabara. Alitoka kwenye shimo kwa magoti, akatushika mikono, na badala ya kukimbilia ukingoni, ambao kwa nyonga yake ulikuwa mbali, akatusukuma juu ya jiwe na kupanda nyuma yetu. Maji yalikuja na ukuta wa mbele wa takataka, matawi, povu, mizizi, rangi ya chai. Mto ambao tulikuwa tumekaa ndani yake ukajaa pande zote mbili, na debe langu likaenda likizunguka.

Mgongo wa jiwe ulikuwa mwembamba na tayari umelowa. Koko alikaa ameweka mguu mbovu kwenye ufa wa jiwe, mkono mmoja kwangu, mwingine kwa Naserian. Hapo mama yake Naserian akaanza kuita kutoka ukingoni. Alimwita mtoto wake kwa jina, tena na tena, na kila akiita Naserian alivuta kwenda kwake. Hakuyaona maji. Aliona mama tu. Aliteleza mara moja mpaka mguu wake ukaingia kwenye povu, Koko akamrudisha, na mimi nikasikia kucha za Koko zikikwaruza jiwe. Mtoto anayepigana huwezi kumshika kwa mkono uliolowa. Akivuta tena tungeenda sote watatu. Koko alipaza sauti kuvuka maji, akamwambia mama huyo ajifiche. "Nenda nyuma ya kichaka! Nisikuone!" Yule mama alisimama, kisha akafanya kitu ambacho mimi kama mzazi sijui kama ningeweza. Akanyamaza, akatugeuzia mgongo, akaingia nyuma ya miiba.

Naserian akaanza kulia. Koko akatazama juu, jua lilikuwa kichwani. Akatazama mbuzi waliobaki bila mtu ukingoni. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mbuzi wakipotea, wapotee." Halafu akaanza hadithi.

Alisema hili si jiwe, ni ng'ombe. Alikuwa wa mwanamke mmoja, akakataa kuvuka mto, akalala hapa, na tangu siku hiyo kila kinachopita majini ni mgeni anayekuja kumbembeleza aamke. Tawi likapita. "Huyo ni mzee na fimbo yake, ameshindwa." Povu likapita. "Hao ni akina mama na maziwa, wameshindwa." Akasema ng'ombe huyu hapendi kukanyagwa mgongoni, ukicheza anashtuka, lakini ukikaa kama kupe hajui uko. Naserian aliacha kulia akakaa kama kupe. Akauliza mama yake ameenda wapi. Koko akasema, "Ameenda kutafuta jina la ng'ombe. Hawezi kuinuka mpaka mtu amwite kwa jina lake." Maji yakapanda mpaka kwenye vidole vyetu. Koko hakuharakisha hata neno moja. Kila kitu alikuwa anakiokota hapo hapo tulipokuwa, nami nikasahau kuogopa, kwa sababu nilitaka kujua nani anapita sasa.

Jua lilipoanza kuinama maji yalishuka, na mama yake Naserian akaingia mtoni maji yakiwa kiunoni, akambeba. Hadithi ikakatika hapo. Jioni mjomba alirudi akakuta mbuzi wengi hawapo. "Mama, umesimulia hadithi mchana?"

"Nimesimulia. Mtoto wako yuko wapi?"

"Huyu hapa."

"Basi nenda utafute mbuzi."

Wengine hawakupatikana, na mwaka huo nikaacha shule. Koko hakujitetea na hakulalamika. Nilimwomba miaka mingi anipe jina la yule ng'ombe, akakataa. Alisema hadithi hiyo ilishamaliza kazi yake. Nikianza kuandika najikuta nimerudi kwenye lile jiwe, naangalia kinachopita. Sijui njia nyingine.

Mwaka huu nilirudi huko na Naserian, ambaye sasa naye ni nyanya wa watu. Mto haupo kama ulivyokuwa. Mchanga wake umechotwa kupelekwa kujenga magorofa, na Kitengela imejaa magorofa. Hata ukuta wa nyumba yangu una mchanga wa mto fulani, na sikuuliza upi. Kisima hakichimbiki, chini ni mwamba. Kwenye vitabu vyangu mchanga bado umefika tumboni mwa ng'ombe. Hapa umeondolewa wote, na chini ya tumbo yameonekana mawe mengine, mawili mbele, mawili nyuma. Amesimama.

Naserian alinishika mkono, pale pale Koko alipokuwa akitushika. "Nani alimwita?" akaniuliza.

Kabla sijajibu tulisikia lori, na safari hii lilikuwa lori kweli.