Mpira wa Baiskeli Juu ya Verni

Siku yangu ya kwanza kazini kapita, msimamizi wetu, hakunipa brashi. Alilaza mlango wa kabati juu ya meza, akaniambia nifumbe macho, nipitishe mgongo wa vidole juu yake na kumwonyesha palipo na kasoro. Nilipapasa mpaka vidole vikafa ganzi, nikasema hakuna kasoro. Akacheka mbele ya wenzake wote.

"Ziko tatu," alisema. "Kama mukono yako haione, macho yako itakudanganya kila siku."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kupiga verni, yaani vanishi ya mbao, hapa Kalemie, mji ambao Wabelgiji waliuita Albertville, katika karakana ya mbao karibu na bandari. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana mwenye kiburi, nadhani hata leo kimebaki kidogo, na ile aibu ya mlango wa kabati ilinifundisha haraka kuliko maneno.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa gomulaki. Hayo ni magamba ya rangi ya asali yanayoyeyushwa kwa alikoli. Unachukua tamponi, yaani donge la pamba lililofungwa kwa kitambaa cha kitani, unalilowesha kidogo, kisha unasugua mbao kwa mizunguko midogo bila kusimama. Ukisimama, tamponi inanata na kung'oa kazi ya asubuhi nzima. Mwaka wa pili nilipewa pistole, lile bomba la upepo la kupulizia verni ya selilozi. Verni hiyo inakauka upesi, na baada ya saa moja unaweza kuigusa. Lakini kapita alituonya tusiiamini. Alisema inakauka usoni tu, na hata ikipita miaka, ikikutana na kitu kinachoipenda italainika tena. Sisi tuliitikia bila kuuliza ni kitu gani hicho.

Juu ya kapita alikuwa patroni, Mbelgiji mwenye karakana. Mtu huyu hakupiga kelele hata siku moja. Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyozidi kusema polepole, na alipofika mahali pa kunong'ona, wote tulishika zana zetu kwa nguvu.

Mwaka wa tatu alinituma Kabalo, kwenye tawi letu la kutengeneza viti na meza za nyumba za wafanyakazi. Huko hakukuwa na presi za kutosha za kubana mbao zilizotiwa gundi. Mafundi wa Kabalo walikata mipira ya ndani ya baiskeli kuwa vipande virefu, wakavivuta na kuzungusha kwenye viungo vya kiti, na kiti kilibanwa vizuri kuliko kwa presi. Mpira ulikuwa kila kitu kwetu. Ulifunga mizigo, ulifunga milango, ulishika shoka kwenye mpini. Niliporudi Kalemie nilikuja na fungu zima la vipande hivyo, nikajitapa nao kama mtu aliyetoka Ulaya.

Mtu niliyempenda kuliko wote pale karakana alikuwa magazinie, mtunza ghala. Tulimwita Papa Salehe. Alikuwa Mwislamu wa familia za zamani za wafanyabiashara wa ziwa, mtu wa kanzu safi siku ya Ijumaa, na alikuwa ameshika funguo za ghala miaka ishirini bila kupoteza hata msumari. Aliishi na mkewe katika nyumba ya kambi. Nyumba hiyo ilikwenda na kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha.

Sasa niwaeleze kuhusu gita. Kulikuwa na Bwana Mhandisi wa bandarini, aliyepiga muziki wa dansi na Wazungu wenzake. Aliagiza gita la besi la umeme, la kwanza ambalo sisi tuliliona. Nyuzi nne nene, shingo ndefu, mwili wa mbao nzima usio na tundu, umepigwa verni ya selilozi ya rangi ya machweo, njano katikati na nyekundu iliyokolea pembeni. Nililitazama kwa wivu wa fundi. Sikuona kasoro, na safari hii nilipapasa kwanza.

Bwana Mhandisi alikuwa anakwenda konje, yaani likizo, ya miezi sita kwao. Hakutaka kuliacha gita nyumbani kwa sababu ya unyevu wa ziwa, akalileta kwetu ghalani katika kasha lake lililotandikwa mahameli. Lakini kasha halikuwa la gita lile. Ulipolitikisa, gita lilicheza ndani.

"Kasongo," patroni aliniambia, "funga hii kitu vizuri. Isitikisike."

Nikalifunga kwa akili zangu zote za Kabalo. Niliweka vitambaa vilivyokunjwa pembeni, kisha nikazungusha vipande vya mpira mahali patatu, viwili mwilini na kimoja shingoni, nikavivuta sawasawa. Nilitikisa kasha. Kimya. Kapita akaja, akatazama, akasema, "Kazi ya muntu muzima hii." Papa Salehe akalibeba mwenyewe na kulifungia ghalani.

Miezi sita ikapita. Wakati wa mvua maji yaliingia ghalani, na Papa Salehe akapandisha kasha kwenye rafu ya juu kabisa, chini ya mabati. Alimwambia kapita. Kapita akamwambia ni sawa.

Siku aliyorudi Bwana Mhandisi, kasha lilifunguliwa juu ya meza yangu. Tulikuwa watano tumelizunguka. Siwezi kuisahau harufu iliyotoka mle, tamu na chafu pamoja. Mpira ulikuwa umeshikana na verni. Bwana Mhandisi alipouvuta, verni ilikuja nao kwa nyuzi nyuzi, na chini yake palibaki mikanda mitatu myeusi, laini, iliyokunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Vinyweleo vya mahameli vilikuwa vimezama humo.

Bwana Mhandisi alifoka. Patroni hakufoka. Aliuliza kasha lilikaa wapi.

"Juu, Bwana," alisema Papa Salehe. "Maji iliingia chini."

Patroni akanyoosha kidole kwenye mabati. Alisema pale juu ni tanuri, joto limeyeyusha mpira na verni pamoja, na kila magazinie anajua hilo. Alisema polepole. Kisha akanong'ona kwamba Bwana Mhandisi anakwenda Kabalo kwa siku kumi na tano. Akirudi, kama uharibifu haujapata maelezo mengine, Papa Salehe ataweka funguo mezani, na sababu itaandikwa katika kitabu chake cha kazi. Vijana hamkijui kitabu kile. Ukiandikwa vibaya humo, hapakuwa na mlango wa Mzungu uliofunguka kwako tena, kuanzia ziwani mpaka mto Lualaba.

Kapita hakusema kwamba aliambiwa kuhusu rafu. Nami nilikuwa nimeona jambo moja tangu kasha lilipofunguka. Verni yote ya gita ilikuwa imelala katika joto lile lile, lakini ilikuwa inang'aa kama siku ya kwanza. Ilikuwa imeharibika mahali patatu tu. Mahali pangu.

Sikusema. Nilijiambia sina hakika. Jioni ile nilichukua vibao viwili vilivyopigwa verni ya selilozi zamani. Kimoja nilikibana mpira kwa nguvu, nikakiweka nyumbani karibu na mtungi wa maji, mahali pa baridi. Cha pili sikukifunga kitu, nikakipachika chini ya mabati ya karakana, palipo moto kuliko rafu ya Papa Salehe. Kila asubuhi nilivipapasa kwa mgongo wa vidole. Siku ya tatu, hakuna. Siku ya tano nilianza kupumua. Siku ya nane nilisogeza mpira kidogo na ukakataa kutoka. Chini yake verni ilikuwa imelainika, imepata doa la hudhurungi. Kibao cha mabatini kilikuwa kigumu, kisafi.

Basi nilikuwa nimejua. Mpira una mafuta yake ndani, na mafuta hayo ndiyo yanayoipenda selilozi. Joto lilisaidia tu. Aliyeharibu gita ni mimi.

Nilimpelekea kapita vibao. Alivitazama kwa muda mrefu, akafunga mlango.

"Nani ameona hii?"

"Weye tu, kapita."

"Basi itupe kwa moto. Unasikia, Kasongo? Uko na bibi, uko na mutoto. Papa Salehe ni muntu ya siku nyingi, patroni atamusamehe. Weye hatakusamehe. Na miye nilipitisha kazi yako."

Sikuvitupa motoni. Lakini sikuvipeleka ofisini pia. Nilivificha chini ya kitanda, na kila siku nilipita mbele ya ghala nikimwamkia Papa Salehe, naye aliniitikia kama kawaida, anahesabu skrubu zake. Nilimwogopa kuliko patroni. Usiulize jinsi nilivyokuwa nakula. Nilikuwa mwoga, na woga una njaa yake, unakula kila kitu mpaka usingizi.

Siku ya kumi na tano niliamka, nikavichukua vibao na kwenda moja kwa moja mpaka mbele ya meza ya patroni. Bwana Mhandisi alikuwepo. Nikasema yote. Sikumtaja kapita. Patroni alipapasa vibao, kimoja, kisha kingine. Akaniuliza kwa sauti yake ya kawaida, kama asiyejua, "Nani alifunga gita?"

"Ni miye, Bwana."

Akafungua droo, akanionyesha funguo za ghala. Papa Salehe alikuwa amezirudisha jana yake. Hakungoja kufukuzwa. Alifunga vitu vyake, akamchukua mkewe, wakapanda mtumbwi kuelekea kusini.

Mimi niliandikwa kitabuni, lakini sikufukuzwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kulitengeneza gita lile. Nilikwangua mikanda mitatu, nikapuliza rangi kidogo kidogo, nikasugua kwa msasa wa maji kwa wiki tatu. Bwana Mhandisi alitafuta alama hakuziona.

Nilifanya kazi ya verni miaka mingi baada ya hapo, Nyunzu, Kabalo, kisha hapa tena, chini ya mapatroni weupe na weusi, mpaka macho yalipochoka nikastaafu. Vijana wanaoniletea magita yao nawaambia mambo machache. Usiweke mpira wala plastiki yoyote igusane na verni ndani ya kasha. Tumia kitambaa cha pamba. Fungua kasha kila mwezi, liache lipumue kivulini. Wanaandika kwenye madaftari, wananishukuru. Jambo moja sijawaambia, nalo nalisema hapa.

Baada ya kumaliza gita nilishuka kusini na ziwa mpaka Zongwe, nikamkuta Papa Salehe kwa wakwe zake, amekaa barazani anamenya mihogo. Nilimwambia jina lake limesafishwa, patroni anamtaka arudi, na vibao vyangu vimeonyesha kwamba aliyeharibu gita ni mimi niliyefunga mpira.

"Nilijua," alisema. "Siku ile patroni alionyesha mabati, wote tuliangalia juu. Weye peke yako uliangalia mpira."

"Juu ya nini haukusema, Papa?" nikamwuliza sababu.

"Miaka makumi mbili niko pale. Nilitaka kujua kama niko na muntu hata mumoja wa kunisemea."

Akaendelea kumenya. Kisha akaniuliza, bila ukali, baada ya kujua kwa hakika nilikaa siku ngapi kabla ya kusema.

"Saba," nilijibu.

"Saba," alirudia. Akaweka kisu chini, akamwita mkewe aniletee maji ya kunawa.