Ukumbi Mrefu na Uso wa Bibi

Jana binti yangu alinipiga picha kwa simu kutoka mlangoni, nami nimekaa ndani huku mkono uko mdomoni. Tangu meno ya mbele yaning'oke, sitaki kusogelewa na kamera. Akaja kunilalamikia: akinivuta kwa lenzi ya mbali natoka gizagiza, akitumia ile ya kawaida natoka mwangavu lakini kadogo mno. Simu ni ileile, kwa nini? Nilicheka. Swali hilo, rafiki yangu, nililisikia likijibiwa kwetu Usagara nilipokuwa na mapengo ya utoto.

Nyumba yetu ilikuwa na ukumbi mrefu kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba huku na huku. Harufu yake ningali nayo puani: ubani, mafuta ya taa, na bada, ule ugali wa muhogo, ikisongwa uani. Dada yangu alikuwa anaolewa, anapelekwa Maskati, na alichotaka kuchukua ni picha ya bibi. Bibi hakuwa na hata moja. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, limefanya weupe, na hakutaka likaangaliwe ugenini. Alikubali shingo upande: mpigaji akae mbali, na asimwashie flashi.

Mpigaji alikuwa shangazi, aliyekuwa akipiga picha kwenye harusi za wanawake, maana ndani humo mwanamume haingii. Alikuwa na lenzi mbili, fupi na ndefu. Akafunga ndefu, akampiga bibi kutoka mbali. Picha ziliporudi kutoka studio, bibi alikuwa kivuli kilichojifunika kanga. Dada alilia, na mimi nikalia kwa kumfuata tu.

Bibi aliilaumu kamera, huku akichagua mchele kwenye ungo pale mlango wa mbele, mahali pake pa siku zote.

“Mama,” shangazi akamuuliza, “mbona mchele huuchagulii kule mwisho wa ukumbi?”

Bibi akajibu kuwa kule hayaoni mawe.

“Na mlango si huuhuu mmoja? Basi kwenye lenzi ndefu, filamu ni kama imekaa kule. Mwanga unaingia mlango uleule, lakini ukifika mwisho umeshatawanyika. Fupi ni hapa ulipokaa. Ila hiyo inanitaka nije karibu.”

Bibi aliupekua mchele kwa vidole. Kisha akaishusha kanga kutoka usoni.

“Haya, njoo. Wewe mwanangu, nikufiche nini?”

Shangazi akapiga magoti mbele yake. Picha ilitoka na kila kitu: mikunjo, mchele vidoleni, na lile jicho jeupe. Dada aliibusu, akaikunjia ndani ya nguo zake.

Nyumba ile imevunjwa, pamejengwa fremu za maduka. Bibi na shangazi wametangulia mbele ya haki, na nawakumbuka mno. Dada huniambia kila asubuhi huiamkia ile picha shikamoo.

Nilimweleza binti yangu habari za ukumbi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole mbona basi namweka mbali. Nikautoa mkono mdomoni, nikamwambia asogee.