Kioo Nyuma ya Mikono ya Hina

Katika kundi letu la picha la mtandaoni, kila Jumamosi asubuhi mtu mmoja hukaa kitini. Maana yake anaweka picha yake moja, na sisi wengine, tulioko Tanga, Lindi, Unguja na hapa Mafia, tunamwambia kweli: nini kimekaa vizuri na nini kimeharibika. Siku hiyo hakuna ruhusa ya kuweka picha nyingine mpaka jioni, ili aliyekaa kitini apate haki yake yote. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi. Nimesomesha chuo cha Kurani karibu umri wangu wote, na najua mwanafunzi anayesoma huku wenzake wanapiga kelele hatoki na kitu.

Picha nimeziingia uzeeni. Mwanangu aliniletea simu yenye kamera nzuri ili nionane na wajukuu, nami nikaanza kupiga vifuu, kuta za msikiti zilizoota ukungu, paka aliyelala juu ya viatu vya waumini. Namshukuru Mungu macho bado yananisaidia. Watu wa kundi wananiita mwalimu na hungoja nitakachosema, nadhani kwa kuwa sina haraka. Kwanza natafuta kilichonifurahisha, maana hakikosekani, ndipo natafuta kosa. Watu wa pwani tukiona kizuri tunatanguliza mashaallah ili jicho letu lisidhuru. Ni adabu njema. Lakini mtu akikaa kitini akapewa mashaallah tupu, anaondoka alivyokuja.

Jumamosi moja alikaa kitini binti wa Chole, kisiwa kidogo cha jirani yetu. Maji yakipwa hulima mwani pamoja na mama yake. Zikija harusi hupiga picha upande wa wanawake. Kazi hiyo kwetu haifanywi na mwanamume. Mle ndani wanawake wamevua mabuibui, nywele zi wazi, wanacheza na kutaniana, na anayeingia na kamera ameingia na amana. Picha hukabidhiwa mama wa bibi harusi, basi. Binti huyu alikuwa ameanza kutajwa mjini Kilindoni, na neno moja baya lingetosha kumrudisha kwenye mwani peke yake.

Aliweka mikono ya bibi harusi, hina mbichi, mwanga wa dirisha umevilalia vidole. Uso hakuna, alikuwa amejihadhari. Nikaikuza picha, nikatazama pembeni, maana makosa hupenda kujificha huko. Nyuma ya mikono palikuwa na meza ya kujipambia yenye kioo. Ndani ya kioo, mdogo lakini wazi, mama mmoja ameketi na kanga kifuani, kichwa hakina mtandio, anacheka.

Niliilaza simu kifudifudi mkekani kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Nikamwita mke wangu.

"Umetazama mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara moja."

"Na hiyo moja ilikuwa na urefu gani?"

"Bibi, hebu tazama kwanza."

Akatazama, kisha akasema anamjua. Ni shangazi wa bibi harusi, mama wa Kilindoni ambaye akisema jambo sokoni asubuhi, adhuhuri limefika Utende, upande wa pili wa kisiwa. Binti yake mwenyewe anaolewa baada ya mfungo. "Na hajui kama yumo humo," akasema mke wangu.

Tukampigia binti. Simu ikaita mpaka ikakatika. Maji yalikuwa yamekupwa. Yeye na mama yake wako baharini, na simu haendi nayo kwenye mwani. Admini angeweza kuifuta, lakini ni mwanamume, na kumwambia afute ni kumwambia atazame. Kundini sifa zilikuwa zinamiminika, na huku wananihimiza. "Mwalimu, tunakungoja." "Mwalimu leo kashikwa na nini?" Nikisema kosa, wote wataikuza picha. Nikinyamaza, itaendelea kutazamwa, na mwenye macho kama yangu atafika palepale.

Basi nikatoka uani, nikampiga picha jogoo wetu ukutani, nikaiweka kundini.

Admini alifika mara moja. "Mwalimu, kiti kina mtu. Kanuni yako mwenyewe hiyo."

Nikaandika: "Nisameheni. Nikosoeni."

Sikujua kama watu walikuwa na njaa namna ile. Kwa miaka nimewakosoa mimi, wao wakiitikia ahsante mwalimu. Leo wamenikuta mikononi mwao. "Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, hii picha ni mbaya," akaandika kijana wa Lindi. "Huyu jogoo umemchinja kabla ya kumpiga?" akauliza wa Tanga, maana kichwa nilikuwa nimekikata. "Hicho kidole pembeni ni chako au cha jogoo?" Mwingine akaeleza kwa upole, kwa mtindo wangu kabisa, kwamba kwanza amefurahishwa na ukuta. Nikajibu kila mmoja, nikauliza tena, nikabisha kidogo ili wasichoke. Mke wangu alikuwa anapiga simu Chole bila kukoma, huku akisoma juu ya bega langu na kucheka. Mikono ya hina ilikwisha kupanda juu, mbali, na hakuna aliyeifuata. Na mengi waliyoniambia yalikuwa kweli. Simu naishika vibaya.

Maji yalipoanza kujaa, binti alipokea.

"Mwanangu," mke wangu akamwambia, "futa ile picha kwanza, kwa wote. Kisha nikueleze."

Aliifuta. Alipoelezwa akaomba azungumze na mimi.

"Babu, kuna mwingine aliyeona?"

"Sidhani. Lakini sijui."

"Basi nikinyamaza, si yamekwisha?"

Nikamuuliza, "Nikuambie kweli, au nikufurahishe?"

"Babu, mimi nilikaa kitini. Niambie."

"Kwa Mungu utaomba msamaha hapo ulipo, naye ni Mwingi wa kusamehe. Lakini ile sura ina mwenyewe. Haki yake iko kwake, ukaiombe kwake."

"Akinitangaza nimekwisha."

"Huenda," nikasema. Nilitamani niongeze neno la kumpoza, lakini sikuwa nalo ambalo ni kweli. "Bibi yako atakwenda na wewe."

Asubuhi yake binti alivuka kutoka Chole, wakaenda Kilindoni na mke wangu. Nilibaki nyumbani na uradi wangu, na nakiri tasbihi ilipita vidoleni bila moyo kuwepo. Yaliyotokea nayasimulia kama nilivyosimuliwa.

Yule mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akataka kuiona. Binti akampa kamera. Akaitazama.

"Nani kaiona?"

"Watu wa kundi wameiona mikono," binti akasema. "Lakini wewe, mwanamume tunayejua amekuona ni mwalimu. Mume wa huyu bibi."

"Mwalimu?" Mama akafikiri. "Afadhali. Yeye anamwogopa Mungu."

"Na mimi pia ananiogopa," mke wangu akasema.

Hapo mama akacheka, kicheko kilekile cha kwenye kioo, kwa maelezo ya mke wangu. Akamwambia binti kwamba ameudhika, na ataendelea kuudhika siku kadhaa, asidhani amepona. Lakini wapiga picha wangapi wangekuja mlangoni kujishtaki? Amemsamehe. Ile picha aisafishe, amletee mkononi, naye mama ataiweka chumbani mwake, kwani hajawahi kujiona akicheka bila kujitengeneza. Kisha aifute kwenye kamera mbele yake. Na harusi ya binti yake ataipiga picha binti huyuhuyu, kwa sharti moja: hakuna picha itakayotoka mlangoni kabla yeye hajaitazama pembe zote nne.

Binti alinipigia akiwa njiani kurudi, upepo unaingia simuni. Nikamsifu, kisha nikamwambia ambalo nilikuwa nalo tangu Jumamosi: hata kama kioo kingekuwa kitupu, kiliiba macho. Angesogea hatua moja upande wa dirisha, mikono ingetosha.

"Sasa ndiyo unaniambia, babu?"

"Jana ulikuwa na makubwa."

Harusi imepita. Mke wangu, aliyealikwa, anasema yule mama aliketi na kamera mapajani na birika la chai kando, akitazama picha moja baada ya moja, na binti amechutama mbele yake akingoja. Zilizokataliwa zilikuwa chache. Mojawapo ni ya mke wangu akicheza, na hakuna aliyekubali kunieleza kwa nini.