Turubai Lililopakwa Mawese

Nyinyi wajukuu mnaosoma, someni polepole, maana mimi sikukaa sana shuleni na sitaandika mara mbili. Mmeniuliza kwa nini mama yangu hana kaburi la kuzuru. Haya.

Mashua yetu ya Rumonge iliundwa na Mzungu mmoja, fundi wa mashine za kukamulia mawese. Uhuru ulipofika akarudi kwao, akamwachia babu yenu. Mlingoti wake ulikuwa bomba la chuma lililopasuliwa ubavuni toka juu mpaka chini. Ndani mna fimbo ya chuma yenye mkono wa kuzungushia. Ukizungusha, tanga linajiviringa ndani ya bomba. Ukilitaka, unalivuta nje kwa kamba kupitia ule mpasuko. Watu wa ufukweni walitucheka: "Tanga lenu liko na haya, linajificha kama mwali!"

Tanga la kwanza lilikuwa la amerikani, kile kitambaa chepesi cha pamba. Nililitia viraka, kisha viraka navyo nikavitia viraka. Mwaka wa sabini na mbili likaisha kabisa, na babu yenu akataka amerikani tena.

"Nyepesi inaingia vizuri," akasema.

"Na inachanika vizuri. Nani anashona, weye?"

"Mama watoto, hiyo turubai iko ya kufunika lori."

"Basi lori lako litavuka ziwa."

Akacheka, akaninunulia turubai.

Sikwenda kichwa-kichwa. Tulikuwa na kipande kilichobaki cha bomba lilelile. Nikaviringa turubai kwenye mchi, mizunguko ileile ya tanga, nikalisukuma ndani ya kipande. Likabana, lakini likaingia. Nikakata, nikashona. Kisha nikafanya tulivyozoea kufanya kwa kila kitambaa cha ziwani: nikalipaka mawese ya moto, maji yasipenye. Baada ya kulipaka sikupima tena. Kosa langu liko hapo, msilitafute pengine.

Wiki haikuisha, watu wakaanza kuuawa. Hayo mmekwisha kuyasikia, sitayarudia. Mama yangu alikaa Minago, na tulikuwa tumepatana: likitokea jambo asubiri ufukweni, tumpitie, ndipo tuvuke kwenda Kongo. Tuliondoka asubuhi, mvua imetoka kunyesha, baridi inauma. Babu yenu, mimi, na watoto wanne. Tanga tulilivuta sisi wawili mpaka viganja vikachubuka, likatoka lote. Upepo wa kusini ukatusukuma vizuri. Halafu ukazidi.

Tulimwona mama. Amesimama ndani ya maji, yamemfika magotini, kifurushi kichwani. Babu yenu akazungusha ule mkono wa chuma ili apunguze tanga. Likaingia mizunguko miwili, likagoma. Mawese yalikuwa yameganda kwa baridi, turubai limekuwa nene, limeziba mpasuko. Haliingii, halitoki. Akalegeza kamba, tanga likapigapiga, mashua ikalala ubavu, maji yakaingia, watoto wakapiga kelele. Akaikaza tena. Kuingia ufukweni na tanga karibu lote nje, kwa upepo ule, ni kuvunjikia kwenye mawe. Na kule juu, barabarani, tuliwaona wenye silaha wanateremka.

Babu yenu akachomoa kisu.

"Nikilikata, tunamchukua," akasema. "Lakini kuvuka, basi. Kwa makasia haya mawili hatufiki popote, watatukuta hapahapa. Sema weye. Ni mama yako."

Mama alikuwa akiniita kwa jina langu la utotoni. Hakujua bado. Alidhani tunazunguka tumjie upande wa pili, na alikuwa ameanza kukunja kitenge chake apate kupanda.

Nikawalaza watoto chini, nikawafunika mkeka.

"Rudisha kisu," nikamwambia baba watoto. "Elekeza Kongo. Nanyi watoto, asiinue mtu kichwa mpaka niseme."