Fundi Anayesikiliza Betri Zikipumua

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Volti, fundi wa betri, amepiga goti karakanani mwake mbele ya betri nne zilizounganishwa na chaja sakafuni. Ncha moja ya kipande cha mpira wa maji ameibana ubavuni mwa betri ya tatu, nyingine ameitia sikioni.

“Zote zinachemka taratibu isipokuwa hii,” anasema. “Kati ya vyumba vyake sita vya tindikali, kimoja kiko kimya. Kimekufa.”

Anafungua vifuniko na kuingiza kipimo cha tindikali. Chumba ni kilekile alichokitaja. Mwandishi anaomba kusikiliza, asiambulie kitu.

Betri hizi zimetoka kwenye gari la mwalimu mstaafu: basi dogo lenye kitanda, jiko, jokofu na bafu, ambamo yeye na mkewe wanaishi. Mkewe hulala na mashine ya kumsaidia kupumua. Kwa wiki tatu mashine hiyo imekuwa ikizimika kabla ya kukucha.

“Nilikuwa nakaa macho,” anasimulia mwalimu. “Pumzi ikikatika namgusa bega. Mchana nasinzia kwenye usukani. Tukaahirisha safari mara mbili.”

Safari yenyewe ni ya kwenda kumwona mdogo wa mkewe, ambaye hawajaonana naye kwa miaka kumi na mmoja.

Muuzaji mmoja aliwaongezea betri mbili mpya juu ya mbili za zamani. Mambo yakazidi kuharibika.

“Ulichanganya, mwalimu,” Mama Volti anamwambia. “Hizi mpya zinakesha kuwajaza wazee. Mashine ya mama inapata makombo.”

“Sasa nitupe zote?”

“Hapana. Mpya bado tunaweza kuziokoa. Wazee wapumzike.”

Mama Volti, mwenye umri wa miaka 52, aliingia karakana ya mabasi akiwa mfagiaji. Msimamizi alimkuta akisoma maandishi ya betri kuukuu wakati wa chakula, akampa glavu. Hiyo ni miaka 27 iliyopita. Mkono wake wa kushoto una makovu mawili ya tindikali, na aproni yake imetoboka kama chujio. Siku nzuri hupata betri tano za kutengeneza. Kuna wiki hapati hata moja.

“Wengine wakifika wanauliza, fundi yuko wapi? Nawaambia ametoka kidogo. Halafu nawatengenezea.”

Anamweleza mwalimu kwamba betri ya kuwashia gari hutoa nguvu nyingi kwa dakika chache, lakini ya kuendeshea mashine usiku inatakiwa itoe kidogo kidogo usiku kucha, na isishushwe chini ya nusu. Anapiga hesabu ya mashine kwa chaki ukutani. Betri mbili zinatosha na kubaki, ilimradi jokofu lizimwe wakati wa kulala.

Kisha anaziongeza zile mbili mpya maji ya betri na kuzichaji polepole, moja moja, mchana kutwa, ili jioni zirudishwe garini. Mwalimu anauliza kama haiwezekani kuharakisha.

“Haraka ndiyo iliyowaponza,” anajibu. “Chaja yenu ilikuwa inazishindilia. Kaa, mzee wangu. Soma gazeti.”

Asubuhi iliyofuata gari lilikuwa bado limeegeshwa mbele ya karakana, walikolala. Mke wa mwalimu alishuka peke yake, kanga begani, akasimama mlangoni.

“Vipi, dada?” Mama Volti aliuliza.

“Niliamka kumekucha, mashine inanguruma. Nikamkuta mzee anakoroma.” Akafuta macho. “Sijamwamsha. Mwache alale.”

Mama Volti aliingia garini kwa kunyata na kupima. Volti 12.5. Usiku mzima ulikuwa umepita, na betri zilikuwa hazijatumia hata robo ya nguvu zake.

Nyuma ya pazia mwalimu alikuwa bado amelala. Waliondoka saa nne, wakielekea kwa mdogo mtu.

Mama Volti sasa ana mpango wa kuipanua karakana yake. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mwenye mgonjwa anayetegemea mashine ataleta betri zake zipimwe bure.

Ameshachora alama ya mraba kwenye ukuta wa nyuma.

“Naanza na dirisha,” anasema, akiupigapiga ukuta kwa kiganja. “Betri zikichajiwa zinatoa gesi. Nataka watu wangu wakae penye hewa.”